Baiolojia ya seli chuo kikuu: Mlimani, Muhimbili au SUA?

Mtu akimaliza kidato cha sita na PCB (fizikia, kemia, baiolojia) au CBG (kemia, baiolojia, jiografia), na akawa kweli anapenda mambo ya seli, vinasaba na maabara, mara nyingi hubaki na majina matatu mezani. La kwanza ni shahada ya Baiolojia ya Molekuli na Bioteknolojia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani. La pili ni shahada ya Sayansi ya Maabara za Tiba ya MUHAS, chuo kikuu cha afya pale Muhimbili. KCMC kule Moshi na Bugando kule Mwanza nao wana shahada za aina hiyo. La tatu ni shahada ya Bioteknolojia na Sayansi za Maabara ya SUA, yaani Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Majina yanakaribiana mpaka wazazi, na hata walimu wengi, huyachukulia kuwa kitu kimoja. "Si zote ni maabara tu?" Hapana. Mwaka wa kwanza zinafanana sana, kisha zinaachana, na mojawapo ina mlango ambao ukiupita bila kuingia, kurudi baadaye ni kazi nzito.

Naandika nikimfikiria hasa yule aliyelenga udaktari, akaukosa kwa alama chache, na sasa anajaza maombi kwa hasira. Mdogo wangu, usijaze kwa hasira. Kozi hizi tatu si za kumfuta mtu machozi. Kila moja ina kazi yake, na ukiingia ukiwa unatazama nyuma utafeli kitu ambacho ulikuwa na uwezo nacho.

Kombi yako inakuruhusu wapi

Tuanze hapa, kwa sababu wengine uamuzi wao unaishia hapa hapa. Kiwango cha chini cha TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, kwa shahada nyingi ni prinsipo mbili (ufaulu wa A mpaka E kidato cha sita) zenye jumla isiyopungua pointi 4, kwa hesabu ya A = 5, B = 4, C = 3, D = 2, E = 1. Kozi za afya zinadai zaidi. Maabara za tiba inataka fizikia, kemia na baiolojia, zote tatu katika kiwango cha prinsipo. Aliyesoma CBG hana fizikia, kwa hiyo mlango huo kwake umefungwa hata akiwa na A ya baiolojia. Kila msimu wapo wanaopoteza nafasi moja ya maombi kwa kutolijua hili.

Kozi ya Mlimani na ya SUA nguzo zake ni baiolojia na kemia. Mtu wa CBG anaweza kuingia, ila aangalie masharti madogo ya hesabu au fizikia ya kidato cha nne, maana mara nyingine ndiyo yanayomtupa mtu nje. Masharti hurekebishwa, kwa hiyo soma mwongozo wa TCU wa mwaka wako, si picha ya skrini ya mwaka juzi inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp.

Tone lile lile la damu

Tofauti ya kozi hizi huioni kwenye majina ya masomo. Zote zina somo la seli mwaka wa kwanza: utando wa seli, kiini, mitokondria, ribosomu, namna seli inavyogawanyika. Zote zitakukalisha kwenye hadubini uangalie ncha ya mzizi wa kitunguu na kutafuta kromosomu zilizojipanga katikati ya seli. Tofauti inaonekana mkipewa kitu kimoja na kila mtu akaulizwa swali lake. Tuchukue selimundu, ugonjwa ambao familia nyingi za hapa kwetu zinaujua kwa machungu.

Kwa mwanafunzi wa maabara za tiba, tone la damu lina jina, umri na namba ya hospitali, na nje kuna mama amekaa kwenye benchi anasubiri majibu. Mwanafunzi anafundishwa kuchanganya damu hiyo na sodiamu metabisulfaiti, kuifunika kwa kioo chembamba, kuziba kingo ili hewa isipenye, kisha kusubiri. Kemikali ile inaondoa oksijeni, na chembe nyekundu zenye himoglobini S (aina yenye kasoro ya protini inayobeba oksijeni) zinaanza kujikunja kuwa na umbo la mundu. Mpaka hapo kazi inaonekana nyepesi. Ugumu uko kwenye kusema majibu yana maana gani. Kipimo hiki kinatoka chanya kwa mgonjwa, na kinatoka chanya vilevile kwa mtu mzima wa afya aliyerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu, hakiwatenganishi. Kwa mtoto wa miezi miwili kinaweza kutoka hasi na ugonjwa anao, kwa sababu damu yake bado imejaa himoglobini F, ile ya tumboni. Aliyeongezewa damu wiki iliyopita amebeba chembe za mtu mwingine, na majibu yake yanaweza kumdanganya kila mtu wodini.

Kwa hiyo mwanafunzi anaingia kwenye elektroforesisi: himoglobini inawekwa kwenye mazingira ya alkali, inapitishiwa umeme, na kila aina inatembea kwa mwendo wake. Himoglobini A inatangulia, F inafuata, S inabaki nyuma yao. Anasoma mistari na kutamka: huyu ni AA (hana jeni ya selimundu), huyu AS (ameirithi kwa mzazi mmoja), huyu SS (mgonjwa). Pamoja na hayo anajifunza mambo ambayo hayana mvuto kwa mtu wa nje lakini ndiyo yanayookoa maisha: kuendesha sampuli za kuhakikisha kipimo kinasema kweli kabla ya kugusa sampuli ya mgonjwa, kuandika rejesta bila kuruka, kukataa damu iliyoganda hata kama wodini wanapiga simu wakifoka. Kozi hii inajenga mtu ambaye jibu lake linaaminika saa nane usiku sawa na saa nne asubuhi.

Mwanafunzi wa molekuli pale Mlimani analipokea tone lile lile bila jina la mtu. Swali lake ni jingine: kwa nini himoglobini hii inashikana? Anashuka mpaka kwenye jeni iliyo katika kromosomu ya 11, anakuta herufi moja ya DNA imebadilika, GAG imekuwa GTG. Badiliko hilo linaondoa asidi ya glutamiki katika nafasi ya 6 ya mnyororo wa beta na kuweka valini. Valini haipendani na maji. Oksijeni ikiondoka, valini inapata mahali pa kujichomeka kwenye himoglobini ya jirani, nayo kwa nyingine, mpaka nyuzi ndefu zinajengeka ndani ya chembe na kuikunja. Herufi moja kati ya mabilioni, na mtoto analia kwa maumivu ya mifupa. Mimi sijawahi kuchoka na maelezo haya, na nadhani anayesisimka akiyasoma ameshapata nusu ya jibu lake.

Upande wa vitendo, mwanafunzi huyu anatoa DNA kwenye damu, anazidisha kipande kinachohitajika kwa PCR (njia ya kunakili kipande kimoja cha DNA mara nyingi), kisha anaweka kimeng'enya kinachoitwa MstII. Kimeng'enya hicho hukata DNA mahali penye mpangilio maalumu wa herufi, na badiliko la selimundu linaufuta mpangilio huo. Kipande kikiwa na sehemu moja tu ya kukatwa, jeli ambamo vipande hutenganishwa kwa umeme inasema yenyewe: mtu wa AA ana mistari miwili, SS ana mmoja mrefu usiokatika, AS ana yote mitatu. Unaiweka jeli kwenye mwanga wa urujuanimno na mistari inawaka. Halafu mwalimu anauliza: kama kimeng'enya chako kilikuwa kimeharibika, ungeona nini? Aliyeelewa anajibu kwamba kila mtu angeonekana SS, na kwamba ndiyo sababu unahitaji sampuli ya mtu unayemjua kuwa AA pembeni.

Kozi hiyo pia itakupa historia ya fikra. Mwanakemia Linus Pauling na wenzake walionyesha mwaka 1949 kwamba himoglobini ya wagonjwa hawa inatembea tofauti kwenye umeme, na hapo ugonjwa ukaitwa wa molekuli kwa mara ya kwanza. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyelelewa Kenya na kukusanya damu za watu wa Afrika Mashariki, alichapisha ushahidi kwamba wenye AS wanalindwa dhidi ya malaria, na kwamba ndiyo maana jeni hii haijafutika katika maeneo yenye mbu. Na mwisho wa mwaka 2023 Uingereza, kisha Marekani, ziliidhinisha tiba inayohariri seli shina za mgonjwa mwenyewe: inalemaza swichi ya jeni iitwayo BCL11A ndani ya seli zinazotengeneza damu, ili mwili urudi kutengeneza ile himoglobini F ya utotoni. Tiba hiyo ni ghali mno, na kuifanya iwafikie watoto wa Temeke na Ukerewe itahitaji watu wetu wanaoielewa toka ndani.

SUA wangekupa seli nyingine kabisa, na usiidharau. Fikiria ng'ombe aliyevimba tezi chini ya sikio, ana homa, kupe wamemjaa. Hiyo ni ndigana kali. Kimelea chake, *Theileria parva*, kinaingia kwenye chembe nyeupe za ng'ombe na kuzifanya zigawanyike bila kukoma, kama saratani. Kinafanya jambo ambalo ukilisoma mara ya kwanza utarudia sentensi: seli ya ng'ombe inapojiandaa kugawanyika na kupanga nyuzi zake za kuvuta kromosomu, kimelea kinajishikiza kwenye nyuzi hizo hizo, na seli inapopasuka mbili, kila moja inaondoka na kimelea chake. Ukikiua kwa dawa ya buparvakwoni, seli inaacha ule ugawanyikaji wa kichaa. Sijui mfano mzuri kuliko huu wa kufundishia mgawanyiko wa seli, na wafugaji wetu wanaishi nao zizini. Mwanafunzi anatoa majimaji kwenye tezi kwa sindano, anapaka kwenye slaidi, anapiga rangi ya Giemsa na kutafuta vile vidude vya buluu vilivyopewa jina la Robert Koch.

Upande wa mimea kuna muhogo. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia uliandikwa kisayansi mara ya kwanza na H. H. Storey mwaka 1936 akiwa Amani, kule Usambara, na mpaka leo unaozesha mihogo ardhini huku majani yanaonekana mazima. Njia mojawapo ya kupata mbegu safi ni kukata ncha ndogo kabisa ya chipukizi, mahali ambapo virusi mara nyingi havijafika, na kuikuza kwenye chupa yenye chakula maalumu mpaka itoe mmea kamili. Mkono ukitetemeka, ncha inakauka. Ukisahau kuchoma kisu kwenye moto, baada ya siku chache chupa inaota ukungu. Kazi hii inafanyika pia kwenye kituo cha taasisi ya utafiti wa kilimo, TARI Mikocheni, Dar es Salaam, na ni moja ya sehemu ambazo vijana wa bioteknolojia huenda kufanya mafunzo.

Siku za kawaida zinavyokuwa

Maabara za tiba ina mzunguko: hematolojia, benki ya damu, vimelea, bakteria, kemia ya damu, tishu. Unahesabu vimelea vya malaria dhidi ya chembe nyeupe 200, unazidisha kwa 8,000 na kugawa kwa 200, na unafanya hivyo mpaka jicho linajua lenyewe. Wapo wanaopenda mpangilio huo. Wapo pia ambao baada ya miezi michache wanaona wamefungwa, kwa sababu swali la "kwa nini" halina muda pale foleni ikiwa ndefu. Jiulize kwa uaminifu wewe ni yupi.

Molekuli ni polepole na ina kukatishwa tamaa kwingi. PCR inakataa na hujui kama kosa ni joto, vianzishi (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha kazi), au maji. Ukifika kwenye ukuzaji wa seli ndani ya chupa, unaishi na kabati la nyuzi 37 lenye hewa ya kaboni dioksidi asilimia 5, na kila asubuhi unaangalia rangi ya chakula cha seli kabla hujaweka begi chini. Nyekundu ya waridi ni salama. Ikigeuka njano na kuwa na ukungu-ukungu, bakteria wameingia na kazi ya wiki imekwenda. Umeme ukikatika na jenereta ikachelewa, hivyo hivyo. Vitendanishi ni ghali na vingi vinaagizwa nje, kwa hiyo popote utakaposomea molekuli katika nchi zetu utakuta foleni kwenye mashine na kazi nyingi za vikundi. Anayesubiri kuitwa hamalizi akijua kushika pipeti vizuri. Jitokeze mbele, uombe kubaki baada ya kipindi, umsaidie mwanafunzi wa uzamili kuosha vyombo ikibidi.

SUA iko katikati kwa mwendo, na ina faida ya mashamba na wanyama kuwa hapo hapo. Pia ndipo ulipo mradi wa APOPO unaofundisha panya buku kunusa kifua kikuu kwenye makohozi, na majibu ya panya yakathibitishwa kwa hadubini. Ni vigumu kupata mahali pengine ambapo mwanafunzi anaona baiolojia ya mnyama mzima na ya bakteria mmoja zikikutana kwenye jengo moja.

Kuhusu sapu (mtihani wa marudio) na kudisko (kuondolewa chuoni kwa kufeli): katika kozi zote tatu, somo linaloangusha watu mapema ni biokemia, wala si seli. Aliyezoea kukariri mzunguko wa Krebs kwa ajili ya mtihani wa taifa anakutana na swali linalomtaka aseme nini kitatokea kimeng'enya kimoja kikizibwa. Kukariri hakufiki hapo. Chora njia nzima kwenye karatasi kubwa, funika sehemu, jieleze kwa sauti, kwa Kiswahili kwanza ukipenda, kisha kwa Kiingereza cha mtihani.

Karatasi ya usajili

Hapa ndipo ninapotaka usome polepole kuliko pote.

Mhitimu wa maabara za tiba anafanya mwaka wa mafunzo kwa vitendo hospitalini, kisha anasajiliwa na Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya. Usajili huo ndio unaompa haki ya kutoa majibu ya wagonjwa, kuajiriwa kama mtaalamu wa maabara katika hospitali za serikali na binafsi, na kusimamia maabara ya vipimo. Nafasi za serikali zikitangazwa, tangazo linasema wazi: awe amesajiliwa.

Mhitimu wa molekuli au wa bioteknolojia hana njia hiyo. Anaweza kujua PCR kuliko kila mtu katika hospitali ya mkoa na bado asiruhusiwe kusaini fomu ya majibu ya mgonjwa, kwa sababu hakufundishwa benki ya damu, hakuzunguka wodini, na mtaala wake haukutengenezwa kwa ajili hiyo. Sioni kama ni uonevu. Mimi mwenyewe nisingependa damu ya mwanangu ilinganishwe na mtu ambaye hakufundishwa kulinganisha damu. Lakini ni jambo la kulijua kabla, maana nimeona vijana wakiligundua wakiwa na gauni la mahafali mkononi.

Sasa geuza upande wa pili. Mhitimu wa maabara za tiba akitaka kwenda kwenye utafiti wa molekuli anaweza kuomba uzamili katika mikrobiolojia, kinga ya mwili au baiolojia ya molekuli, na wengi wamefanya hivyo. Atakuwa na pengo katika jenetiki na takwimu, atalijaza kwa kusoma usiku. Ila wa molekuli akitaka kwenda hospitalini, hakuna uzamili utakaompa usajili ule. Inabidi aanze shahada nyingine. Njia moja inapitika pande zote mbili, ya pili upande mmoja tu. Hili ndilo lina uzito kuliko sifa ya chuo, kuliko umbali na nyumbani, kuliko marafiki wanakwenda wapi.

Kazi na masomo baada ya hapo

Wa molekuli na bioteknolojia kazi zao ziko kwenye taasisi za utafiti kama NIMR (utafiti wa magonjwa ya binadamu) na Taasisi ya Afya Ifakara, kwenye Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali inayoshughulikia vipimo vya DNA, TMDA (dawa na vifaa tiba), TBS (viwango vya bidhaa), TARI, maabara za mifugo, na viwanda vya vyakula na vinywaji. Nafasi ni chache kuliko wahitimu, na nyingi ni za mkataba wa mradi: mradi ukiisha, mkataba unaisha. Anayeingia huku ajiandae kwamba shahada ya kwanza ni tiketi ya kupanda tu, na uzamili ndio safari yenyewe.

Ndiyo maana kwa mtu wa Mlimani au SUA, GPA ina maana kubwa tangu muhula wa kwanza. Kwa mizani yetu ya 5, daraja la pili la juu linaanzia 3.5 na la kwanza 4.4, na vyuo vinapoajiri wakufunzi wasaidizi hudai angalau 3.8. Ukiharibu mwaka wa kwanza kwa kuzubaa, miaka miwili iliyobaki unaitumia kufukia shimo. Mwenye GPA nzuri anaweza kuendelea hapo hapo Mlimani, MUHAS, Nelson Mandela kule Arusha, Makerere, au kuomba ufadhili wa nje. Pata pia ujuzi wa kuchambua data za vinasaba kwa kompyuta. Hauhitaji vitendanishi, na maabara nyingi zina data nyingi kuliko watu wa kuisoma.

Wala usidhani utafiti uko Mlimani tu. Profesa Julie Makani wa MUHAS alipata tuzo ya Royal Society Pfizer mwaka 2011 kwa kazi yake ya selimundu, na kazi hiyo imejengwa juu ya wagonjwa wa kliniki ya Muhimbili. Anayesoma maabara za tiba akiwa macho anaweza kukaa karibu sana na maswali makubwa ya seli, kwa sababu wagonjwa wapo pale.

Mikopo: Bodi ya Mikopo hupanga vipaumbele kwa makundi ya kozi, na upangaji huo unaweza kuamua kama utapata bumu la kutosha au utaishi kwa kubangaiza. Angalia mwongozo wao kabla ya kupanga machaguo.

Kwa walio Kenya

Mgawanyiko ni ule ule. Chuo Kikuu cha Nairobi kina Mikrobiolojia na Bioteknolojia, JKUAT ina Bioteknolojia, na kando yake kuna shahada za maabara za tiba zinazokwenda na usajili wa KMLTTB, bodi ya wataalamu wa maabara za tiba. Swali la usajili liulize kabla ya kujaza maombi ya vyuo kwenye KUCCPS, na uhakikishe chuo unachokichagua kimeidhinishwa na bodi hiyo kwa kozi hiyo hasa. Faida mnayo ya ujirani: ILRI (utafiti wa mifugo) na icipe (utafiti wa wadudu) ziko Nairobi, na Kilifi kuna kituo cha KEMRI-Wellcome kinachochunguza malaria tangu 1989. Mtu wa molekuli anayeweza kufanya mafunzo huko akiwa bado mwanafunzi ana mwanzo mzuri.

Ningepanga hivi

Una PCB, fizikia yako imefika, na huna uhakika kama unapenda hospitali au utafiti: weka maabara za tiba chaguo la kwanza, molekuli la pili. Nimeshaeleza sababu, inakuacha na njia zote mbili, na inakupa kazi wakati unaendelea kujitafuta. Familia ikikutegemea mapema, uzito wa chaguo hili unaongezeka.

Una PCB na tayari unajua kwamba ukipewa slaidi hamsini za kupima utaumwa kichwa, ila ukipewa swali moja lisilo na jibu unasahau kula: nenda Mlimani, na uende ukiwa na mpango wa uzamili tangu siku ya kwanza. Usiende maabara za tiba kwa woga wa ajira. Mtaalamu wa maabara asiyependa kazi ya kurudia-rudia ni hatari kwa wagonjwa.

Una CBG: uko kati ya Mlimani na SUA. Ukivutiwa na mifugo, mazao au magonjwa yanayotoka kwa wanyama kuja kwa watu, SUA itakupa zaidi, na watu wa kilimo na mifugo ndio wengi nchini kwetu. Ukivutiwa na jeni na protini zenyewe, bila kujali zimetoka kwa mnyama gani, Mlimani.

Ulikosa udaktari na bado unautaka: kuwa mkweli nafsini. Ukitaka kuurudia, ulizia kwanza chuo unachokilenga kinampokeaje mwenye shahada ya sayansi, usidhani tu kwamba njia ipo.

Jambo la mwisho kabla ya kuthibitisha. Majina ya kozi hizi yanafanana na misimbo yake inachanganya, kwa hiyo linganisha msimbo kwenye mwongozo na ule ulioubofya. Kisha fungua tovuti ya idara husika na utafute orodha ya masomo ya mwaka wa pili. Ya mwaka wa kwanza hayatakusaidia, karibu yote ni yale yale. Soma majina ya masomo ya mwaka wa pili moja moja, mtafute mwanafunzi aliyeko mwaka huo, na umwombe akuonyeshe daftari lake la vitendo.